Molekuli ya Dada

Kwa miaka minne dada mtu alikuwa akiunda molekuli moja tu. Ilikuwa bapa, na ubapa ni balaa: molekuli za namna hiyo zikikauka hulaliana, hunyang'anyana nishati, na mwanga hufa. Kwa hiyo akaibandika mikono miwili minene ubavuni ili kila moja imsukume jirani yake. Ndani ya kimiminika iliwaka kijani cha kupendeza. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba hata ikipakwa kwenye kioo, utando mwembamba mkavu, itatoa leza. Unga uliobaki ulitosha kioo kimoja, na siku ya kukipima ndiyo siku wakubwa wangekuja kuamua kama mradi uendelee au ufungwe.

Mpimaji alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Asubuhi alikikuta kioo bado kinanuka dawa ya kuyeyushia, akaona aibu wakubwa hao wakikute hivyo. Akakitia kwenye oveni. Tenda wema wende zako, husema watu. Naye alitenda, akaenda zake kunywa chai.

Aliporudi, utando ulikuwa na ukungu mweupe. Akakipoza kioo, akakimulika. Kwenye skrini palitakiwa mstari mwembamba uliosimama wima, alama ya leza. Kilitokea kilima kilicholala. Joto lilikuwa limezilegeza molekuli, zikateleza, zikapangana kama sahani kabatini, na mikono isifae kitu.

Dada akaja, akakitazama kioo, akaitazama skrini.

"Zimelaliana zenyewe," akasema. "Mikono ni mifupi. Niliambiwa niirefushe, nikajifanya najua."

"Dada..."

"Ngoja, wameshafika."

Mkurugenzi aliingia na wenzake wawili. Mpimaji alikuwa na neno moja tu la kusema: oveni. Angelisema, dada angeongezewa miezi mitatu arudie kazi, na yeye angefukuzwa. Alilijua hilo vizuri kabisa, na ndiyo maana ulimi ukawa mzito. Woga ule, si kingine.

"Muundo wenyewe ni mbovu," dada akawaambia. "Kosa ni langu. Ufungeni tu mradi."

Mkurugenzi akatia saini palepale, akampa pole.

Walipobaki wawili, dada alianza kutumbukiza madaftari yake kwenye mfuko wa taka, moja baada ya jingine. Mdogo mtu akaangua kilio. Dada akamvuta kifuani, akamfuta machozi kwa kiganja.

"Nyamaza, mdogo wangu. Wewe ulipima vizuri."