Sikumchagua Mganga

Mume wangu Suhail alipofariki, kila aliyekuja kunipa pole alimzungumzia mgonjwa. Walisema amepumzika, walisema alikuwa na subira. Walisema kweli. Figo zilimtaabisha muda mrefu, na mwisho akawa hawezi kukaa bila ya kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono kushuka ngazi na kumshika tena kupanda. Lakini siku zilivyokwenda niliona jambo linanitisha. Kila nikitaka kumkumbuka, nilikuwa namuona yule mgonjwa tu. Suhail aliyekuwa akizipanda ngazi za nyumba hii kwa kuruka, mtu wa maskhara asiyenyamaza, nilimtafuta sikumuona.

Nilikuwa kizuka wakati huo. Nyumba yetu iko Mkunazini, sisi tuko juu, na tangu alipozikwa sikuvuka mlango wa chini. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda ndani. Havai dhahabu, hatii wanja wala udi, na wanaume wasiokuwa maharimu zake hawakai naye. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamwema, alikuja kutoka Matemwe kunikalia, akalala kwenye godoro karibu na mlango. Ilham, mtoto wa dada yangu, alikuwa akitoka chuo anakuja kwangu moja kwa moja. Sisi watatu tulikuwa tukipika, tukisali, tukila kidogo, tukilala. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi haukuniondolea. Niliamka nimechoka.

Pembeni mwa chumba kulikuwa na kompyuta ya Suhail. Nilikuwa nimeifunika kanga. Kila siku baada ya isha alikuwa akikaa pale, anavaa vile vya masikioni, anaingia kwenye mchezo wake wa mtandaoni. Nilijua kuwa ni mchezo ambao watu wa nchi mbalimbali huingia pamoja ndani ya nchi ya kubuni yenye misitu na mazimwi, na kila mtu huko anakuwa na umbo lake na kazi yake. Zaidi ya hapo sikuuliza. Ile ndiyo ilikuwa saa yangu ya kukosha vyombo na kunyoosha mgongo.

Siku moja Ilham alikuwa akipitia simu ya Suhail ili awajulishe waliokuwa hawajapata khabari. Akaniambia kuna watu wanamuulizia kila siku. Mmoja anaitwa Wakil, mtu wa Pemba anayeendesha gari la mizigo Maskati. Mwengine Haroub, yuko Nungwi, anafanya kazi hotelini. Ilham akawaandikia. Kesho yake Wakil alileta maneno marefu ya rambirambi, na mwisho akasema kwamba Ijumaa baada ya alasiri wote watakutana ndani ya mchezo, waende kwenye kisima kimoja ambacho Suhail alikuwa akipenda kukaa, wamsomee Fatiha pale. Kama mke wake atataka kuwepo, watafurahi sana.

Nilipoyasikia hayo nilikaa kitako. Watu hawa walikuwa naye kila siku, na hata mmoja hakuwahi kumuona akiwa mgonjwa. Walikuwa na Suhail ambaye mimi nimempoteza. Nikamwambia Ilham nataka kwenda.

Bi Mwanamwema alitaka kwanza afahamishwe. Aliuliza kama huko ni kutoka. Ilham akasema hapana, bibi, mwili uko hapahapa juu ya kiti. Akauliza kama hao wanaume wataniona. Ilham akasema wataona picha tu, na hiyo picha si yangu. Mama mkwe wangu akafikiri huku anavuta tasbihi, kisha akatoa hukumu yake: wao wazungumze, mimi nisikilize, na nikiwa na la kusema Ilham aliandike. Sauti yangu isitoke.

Ilham alitaka nitumie umbo la Suhail mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa limeshakomaa na linajua njia zote. Nilikataa. Nguo zake nilishazitoa sadaka zote, mpaka koti. Nitamvaa vipi yeye mwenyewe?

Basi ikabidi niingie kama mgeni, na mgeni lazima achague. Siku ya Alkhamisi Ilham aliifunua kompyuta, yakatokea maumbo yamejipanga kama watu wanaongoja kuitwa. Mpiganaji. Mpiga mishale. Mchawi. Mwizi. Mbeba ngao. Mganga. Ukigusa mmoja anasogea mbele na kuinama.

"Mganga," Ilham akasema. "Kila anayeanza anaambiwa achukue mganga, mama mdogo. Hupigani. Unakaa nyuma ya wenzako, anayeumia unamtibu. Na Wakil ameomba hivyo hivyo, kwa sababu kwenda kisimani kuna msitu, na sasa hawana mganga."

Nikamuuliza wa mwanzo amekwenda wapi.

Ilham akaniangalia. "Alikuwa ami Suhail."

Mtu ambaye hakuwa na nguvu ya kujipakulia uji, huko alikuwa mganga wa watu. Nililitazama lile umbo la mganga, mwanamke mwenye nguo nyeupe na kibuyu mkononi. Ameinama, anasubiri. Nikaiona miezi na miezi ya vidonge, ya kupanga foleni, ya kulala nimekaa kwenye kiti cha hospitali huku sikio moja li macho. Walikuwa wakinitaka nikae tena nyuma ya watu na kutazama nani anaumia.

"Simtaki," nikasema.

"Lakini bila ya mganga hawatofika."

"Wasifike. Nimechoka kuuguza, Ilham. Sitouguza mpaka kwenye mchezo."

Nilikuwa sijawahi kulisema hilo mbele ya mama yake Suhail. Nilidhani atachukia. Bi Mwanamwema aliendelea na tasbihi yake, kisha akamwambia Ilham, "Muonyeshe huyo mwenye ubao." Alikusudia mbeba ngao. Nikamchagua huyo. Alikuwa mwanamke mnene, amesimama tu na ngao yake, hana haraka na mtu.

Ilham akenda kusali, akatuacha mimi na mama mkwe tunamtazama mtu wangu. Hapo ndipo tulipoona kwamba amevalishwa pete mbili, kidani, na bangili ya dhahabu hadi kwenye kiwiko.

"Kizuka huyo," Bi Mwanamwema akasema.

Alisema kweli. Ilham alikuwa ameshanifundisha kubonyeza, nikavivua kimoja kimoja. Kila kimoja kilipoondoka mchezo uliniuliza kama nina hakika, kwa Kiingereza nilichosoma sekondari, nami nikajibu nina hakika. Vikaingia kwenye mkoba wake. Akabaki mikono mitupu kama mimi. Tulimuona yuko sawa.

Ijumaa baada ya alasiri tukakaa watatu mbele ya kompyuta. Sauti zikaja. Tangu siku ya maziko sauti ya mwanamme ilikuwa haijasikika ndani ya chumba kile, na Bi Mwanamwema alijifunika ushungi vizuri. Wakil alikuwa na sauti ya kukwaruza, Haroub ya haraka, na nyuma yao wengine watatu wanne wanaosalimia tu. Wote waliniita shemeji. Walinipa mkono wa pole mmoja mmoja, na Ilham akawaandikia shukrani. Wakil akauliza kwa adabu kama nimekuja na mganga. Ilham akaandika kwamba nimekuja na mbeba ngao.

"Karibu hivyo hivyo, shemeji," Wakil akasema.

Tukaingia msituni. Hatukuwa tumekwenda mbali alipotoka nguruwe mwitu mdogo kichakani, akanigusa na pua, nikafa. Nikajikuta nimerudi mwanzo wa njia. Walinifuata, tukaanza upya, na nguruwe yule yule akaniua tena. Mara ya tatu nilikufa kabla hata sijamuona.

"Jamani, mbeba ngao anauliwa na nguruwe mtoto?" Haroub akauliza. "Huyo hata mwizi anamuua kwa teke."

Mwengine akacheka, akanyamazishwa. Bi Mwanamwema akanong'ona kwamba kufa kwa nguruwe, tena Ijumaa, si jambo la kwenda kumhadithia mtu. Ilham alikuwa akitafuta sababu. Alipoufungua mkoba akaguna.

"Mama mdogo, nani amevivua hivi?"

Nikamwambia ni sisi. Akatufahamisha kwamba yale hayakuwa mapambo. Mgeni hupewa pete na kidani vya kinga, ili wanyama wadogo wasimdhuru mpaka ajue kutembea. Bila ya hivyo mtu ni kama karatasi. Akataka kuvirudisha. Mama mkwe wangu aliona haya, akasema basi, mwanangu, ni picha tu, mvalishe.

Niliweka mkono juu ya mkono wa Ilham. Sikuwa na hoja. Nilijua ni picha. Lakini mikono yangu mwenyewe ilikuwa mitupu juu ya meza ile, na nilikuwa nimekwenda kumlilia mume wangu. Sikuweza kwenda na bangili hadi kwenye kiwiko.

"Waambie ni kizuka," nikasema. "Waambie kama ni taabu waende wao."

Ilham akaandika. Safari hii hapana aliyecheka. Wakil alikohoa, akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Basi tutamtia kati."

Wakanizunguka. Wawili mbele, wawili nyuma, mmoja kila upande, na mimi katikati na ngao yangu isiyokuwa na kazi. Tulikwenda polepole sana. Mimi sikufanya lolote ila kubonyeza kitufe kimoja cha kwenda mbele. Wanyama walipokuja waliishia kwao. Niliona namna walivyokuwa wakipungua nguvu, mistari yao myekundu inafupika, na hapana wa kuwatibu. Mara Haroub akapigwa vibaya na kitu kikubwa chenye pembe, akapiga ukelele wa mazoea.

"Suhail, niangalie."

Wote walisita. Kile chenye pembe kiliendelea kumpiga mpaka akaanguka. Ikabidi arudi mwanzo na kutukimbilia peke yake, na tulimngoja pale. Nilidhani nitaona vibaya kwamba sikumchagua mganga. Nilitazama moyo wangu, sikuona vibaya. Nilifurahi tu kwamba kuna mahali jina lake bado linaitwa kwa haraka, kama la mtu mwenye nguvu.

Kisima kilikuwa cha mawe, chini ya ukuta uliobomoka. Wakaketisha watu wao kwa duara, Ilham akanionyesha kitufe cha kukaa, nikakaa. Wakil akasoma Fatiha, akaomba dua, wakaitikia amin mmoja baada ya mwengine, na sisi watatu tukaitikia ndani kwa sauti ndogo. Kisha nikamwambia Ilham awaulize kile nilichokijia. Waniambie alikuwaje.

Walianza kwa maneno ya heshima, kwamba alikuwa mtu mzuri, mwenye moyo. Nikamwambia aandike kwamba hayo nimeyasikia msibani. Haroub ndiye aliyecheka mwanzo.

"Shemeji, alikuwa mtesaji. Sisi tunakufa, yeye anatutukana kwanza ndiyo anatutibu. Na kila tukifika hapa anatukalisha. Anasema, 'Ngojeni, mke wangu kaniletea chai.' Basi hapo tuzunguke tumlinde, yeye anapuliza chai yake masikioni mwetu. Fuu, fuu. Anavuta. Anasema, 'Aa, leo tangawizi imekolea.' Mimi niko zamu, hata maji sijanywa."

"Na akimaliza anaomba cha pili," Wakil akasema.

Wote wakacheka, na kila mmoja akawa ana lake juu ya ile chai.

Hapakuwa na chai. Mtu wa figo vile maji yake yanapimwa asinywe mengi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpimia, kwa kikombe cha kahawa, asubuhi na jioni. Wageni wakija nilikuwa naificha chupa ya chai jikoni ili asiione. Na ule mpulizo niliusikia. Nilikuwa nakosha vyombo namsikia fuu, fuu nyuma ya pazia, nikidhani pumzi zimembana. Nilikuwa nikitoka mbio na mikono ya povu kumuuliza, "Vipi, Suhail, unaumwa?" Naye hunipungia mkono nirudi, macho yanamcheka, na mimi sikujua yanacheka nini.

Nilimuona sasa. Amekaa kwenye kiti kile kile nilichokalia, mkono umeshika kikombe ambacho hakipo, anawatesa watu wa Maskati na Nungwi kwa chai ya uongo. Ndiye yeye. Ndiye yule wa ngazi.

Ilham alikuwa akijua khabari ya maji. Aligeuka kunitazama, vidole vimesimama.

"Shemeji," Wakil akasema, "hebu tuambie basi, ile chai ulikuwa unaitia nini? Miaka anatutamanisha."

"Niandike nini?" Ilham akaniuliza.

Nikamwambia aandike tangawizi ya kutwanga, iliki, na mdalasini kidogo. Sukari aliipenda nyingi. Ilham akaandika pole pole, herufi moja moja, na kule kisimani walikuwa wametulia wanasubiri.

Bi Mwanamwema alifunga tasbihi yake kiganjani, akasogea karibu na kompyuta.

"Mwambie na mchaichai," akasema. "Alikuwa hanywi bila ya mchaichai."