Siri Haikuwa Yangu

Ninyi mnaotafuta marafiki mkiwa watu wazima, na mna watoto, someni hili kabla hamjafungua mdomo.

Mimi nilikaa miaka ishirini na miwili bila rafiki. Si kwamba nilikuwa na roho mbaya. Binti yangu alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka minne. Mara ya kwanza aliangukia bombani, mbele ya majirani waliopanga foleni na ndoo zao, na tangu siku hiyo wenzangu wakaanza kupungua mmoja mmoja. Aliyekuwa akija nimsuke akapata msusi mwingine. Aliyekuwa akimleta mwanawe acheze na wangu akasema mtoto ana mafua, na mafua yale hayajapona mpaka leo. Mume wangu alipofariki tukabaki wawili na binti yangu, mimi kazi yangu kumtazama, yeye kazi yake kutazamwa.

Akakua. Dawa zikamkubali. Miaka sita hakuanguka hata mara moja. Akapata kazi hospitali kubwa, masijala, kupanga mafaili ya wagonjwa. Faili lake mwenyewe halikuwa pale. Vidonge alivifuata hospitali nyingine, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, ili wenzake wa kazini wasijue.

Ndiye aliyenitafutia kazi hapo hapo, chumba cha kufulia. Akaniambia, "Mama, nenda ukapate watu wa kuongea nao. Unanitazama kama maziwa yaliyo motoni. Nimechoka kuchemka."

Nikacheka. Nikaenda.

Mashuka ya hospitali hayakunjwi na mtu mmoja. Mnashika wawili, huyu pembe mbili, yule pembe mbili, mnavuta mpaka likaze, mnakunja kwa urefu, halafu mnatembea mkutane katikati, umpe mwenzako pembe zako. Kwa siku ni mashuka mia mbili na zaidi. Yaani mara mia mbili unamsogelea mtu mpaka unasikia pumzi yake. Hata kununa huwezi. Mimi nilipangwa na mama mmoja waliyemwita Kicheko, maana unamsikia kabla hujamwona.

"Karibu, bibie," aliniambia kwenye shuka la kwanza. "Hapa ukikunja vibaya msimamizi ananuna, ukikunja vizuri ananuna. Kwa hiyo wewe kunja tu."

Kufika shuka la kumi alikuwa ameshanieleza habari za magoti yake. Kabla ya wiki kwisha nilijua kwamba mume wake amehamia kwa mwanamke mwingine, mtaa wa pili, lakini mashati bado anamletea yeye afue.

"Na wewe unafua?"

"Nafua. Ila kola siigusi. Kola akafuliwe huko huko."

Nilicheka mpaka shuka likanidondoka. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na jioni ile nilirudi nyumbani natembea kama msichana aliyesifiwa njiani. Binti akaniuliza, "Mama, leo kuna nini?" Nikamwambia hakuna, nimepata mtu tu.

Sasa hapa ndipo pa kuangalia. Mtu mzima mwenzako akikupa siri yake, anangoja yako. Hasemi, lakini anangoja. Kicheko alinipa mume, akanipa dada yake wasiyesemezana, akanipa na mimba iliyoharibika. Kisha siku moja akasema, "Wewe mwenzangu ni sanduku lenye kufuli. Mimi nimeanika kila kitu, wewe hata leso hujatoa."

Nikajitafuta moyoni. Sikuwa na kitu. Mume wangu alikufa akiwa mtu mwema. Sikugombana na watu, maana watu sikuwa nao. Nikaogopa ataniona mkavu, ataomba akunje na mwingine. Basi nikatoa cha mwanangu.

Nilijua ninachofanya, nisiwadanganye. Wakati huo binti alikuwa amechumbiwa na fundi umeme wa hospitali, kijana mpole, na alikuwa hajamwambia. Nilipomsukuma alinijibu, "Nitamwambia, mama. Siku nitaichagua mimi, na maneno nitayachagua mimi. Hilo moja tu niachie." Nikamwitikia vizuri kabisa.

Kicheko aliposikia alilia. Akanikumbatia na shuka likiwa katikati yetu. "Pole, mama wee. Umebeba peke yako miaka yote hiyo? Kwangu limeishia hapa." Na lazima niandike ukweli: hakumwambia mtu. Alichofanya ni kumpenda binti yangu. Tangu siku hiyo akimwona anamshika shavu, anamuuliza kama amelala vizuri, kama amekula.

"Mama, huyu rafiki yako ana nini na mimi?" binti akaniuliza.

"Ana moyo mzuri," nikasema.

Wiki mbili zikapita. Ikawa saa ya mapumziko ya mchana, mimi na Kicheko tunasukuma toroli la mashuka kupeleka wodini. Pale barazani nje ya masijala fundi umeme alikuwa juu ya ngazi anabadilisha taa, na binti yangu ameishika ngazi kwa chini. Walikuwa wanataniana. "Ukiiachia nikafa, utaolewa na nani?" "Na fundi bomba. Ana ngazi fupi."

Kicheko akaachia toroli. Akamkimbilia binti, akamtoa mikono kwenye ile ngazi. "Mwanangu, usishike ngazi wewe! Ikikushika hapo, mkaanguka wote wawili? Vidonge umemeza leo?"

Fundi akashuka, taratibu, hatua moja moja, taa ya zamani mkononi.

"Vidonge gani?"

Binti yangu hakumtazama yeye, wala hakumtazama Kicheko. Alinitazama mimi.

Fundi hakumkataa kwa ajili ya ugonjwa. Alisema hivyo na mimi namwamini. Alimwambia, "Mpaka wa kufulia wanajua, mimi sijui. Ungenificha nini kingine?" Binti akamwambia alikuwa amepanga kumweleza Jumapili ile. Nani angeamini? Posa ikafa hivyo hivyo, bila kelele.

Kicheko alikuja kwangu kuomba radhi mpaka kilemba kikamvuka. Nilitafuta neno la kumtukana, sikulipata. Amefanya nini? Ameogopa mtoto asianguke. Ndicho nilichofanya mimi maisha yangu yote. Kazini tunakunja bado, tunakutana katikati, tunapeana pembe.

Binti alihama mwezi uliofuata. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Alipanga chumba ng'ambo ya soko, akanipa namba ya nyumba, akaniachia sufuria kubwa. Zamani alinieleza kila kitu, hata ndoto. Siku hizi nikimpigia nauliza umekula, umelala, umemeza? Anasema, "Niko salama, mama. Kazini hawajambo?"

Jumamosi iliyopita nilikwenda bila kumwambia. Alinikaribisha kwenye kiti, yeye akakaa kitandani. Akaniletea chai kwenye kikombe chenye kisahani. Jamani, kisahani! Mimi niliyemtawaza akitoka chooni.

Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kidonda, nyuzi tatu, kinaanza kukauka.

"Umepata nini hapo?"

"Mlango."

Nimemuuguza mtoto huyu miaka ishirini na miwili. Jeraha la mlango nalijua, na la sakafu nalijua. Nikamuuliza ilikuwa lini, nani alikuwepo, nani alimgeuza ubavu, maana akianguka lazima ageuzwe ubavu, la sivyo ulimi unamziba pumzi.

"Mama," akasema, kwa heshima zote, "nimesema ni mlango. Sukari inatosha?"

Nikasema inatosha. Nikanywa. Akanisindikiza mpaka barabarani, akaniombea safari njema, akarudi chumbani kwake peke yake.