Mioyo ya Asubuhi, Mioyo ya Mchana

"Jumatatu unasimama mbele ya jopo, na sitaki maneno zaidi!"

"Sisimami, mama."

"Unasimama."

"Nisimame niwadanganye?"

Nilikuwa na pasi mkononi, na blauzi yake nyeupe iko mezani. Kola ile ile nimeipiga mara tatu. Miaka minne binti yangu anasoma mioyo ya panya. Kazini kwangu, maabara ya hospitali, kuanzia mpokea sampuli hadi mganga mkuu, hakuna asiyejua kwamba Jumatatu anatetea utafiti wake. Nimewaambia mwenyewe, na wengine nimewaambia mara mbili.

Utafiti wenyewe naweza kuueleza hata ukiniamsha usingizini. Ndani ya kila seli ya moyo mna mitokondria, vinu vidogo vinavyotumia oksijeni kutengeneza nguvu. Mshipa ukiziba, vinu vinakosa oksijeni. Ukizibuliwa na damu ikarudi kwa kishindo, vinu vinaanza kutema oksijeni kali, na moyo unaumizwa na damu ile ile iliyokuja kuuokoa. Wasomi wanauita msongo oksidishaji. Mume wangu anauita kuungua kwa ndani, na yeye anajua, maana mwaka jana alizibuliwa mshipa na mpaka leo ngazi za kwetu anazipanda kwa vituo. Binti yangu alikuwa anajaribu dawa ya kuvituliza hivyo vinu, na vipimo vilionyesha inafanya kazi, tena sana.

Sasa Jumamosi asubuhi, chai haijapoa, ananiambia vipimo vina kasoro.

"Kasoro gani? Si profesa wako kaviona?"

"Kaona namba. Hakuniona nikifanya kazi." Akavuta kiti. "Sikiliza. Ile rangi ninayopimia inang'aa ikikutana na oksijeni kali. Lakini ikikaa kwenye mwanga, inaanza kung'aa yenyewe, polepole. Mimi nilikuwa naichanganya asubuhi na kuitumia siku nzima. Mioyo iliyopewa dawa niliipima asubuhi. Isiyopewa, mchana. Kila siku hivyo hivyo."

"Kwa nini kila siku?"

"Kwa sababu mioyo ya dawa ndiyo migumu kupima. Na nani alinifundisha kazi ngumu ifanywe asubuhi, nyepesi isubiri mchana?"

Nikaiweka pasi chini. Ni mimi. Tangu yuko darasa la pili: hesabu kwanza, kuchora baadaye.

"Usinitupie mimi," nilisema. "Labda rangi imezidi kidogo tu."

"Jana nimepima kichupa kitupu. Hakina moyo, hakina chochote, rangi peke yake. Asubuhi kimya. Saa tisa kinawaka kama taa. Karibu nusu ya tofauti niliyokuwa najisifia ni rangi."

"Na nusu nyingine?"

"Huenda ni dawa. Sina uhakika nayo, ndiyo maana nataka kurudia."

"Basi nenda ukaseme hiyo nusu!"

Chumba cha pili cherehani ikanyamaza. Baba yake ni fundi nguo, na alikuwa anamalizia koti la binti la kuvaa Jumatatu.

"Mama watoto," alisema kutoka huko huko, "hiyo dawa mnakumbuka ni ya watu kama mimi?"

"Wewe shona! Hili ni la maabara."

"Haya, la maabara," binti yangu akadakia. "Nikuletee majibu haya kazini kwako, ungeyatia saini?"

Miaka ishirini na minne natia saini majibu ya wagonjwa. Kwa diploma yangu hiyo hiyo moja nimewahi kumzuia daktari bingwa mlangoni, ananifokea kwa kidole, kwa sababu damu aliyoleta ilikaa juani na sikubali kuipima. Nilimwambia akatoe nyingine. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, amekaa kwenye stuli ya kona akinisubiri nimalize zamu. Nilidhani anachora.

"Nisingetia," nilisema.

"Basi."

"Basi nini? Simu iko wapi? Mpigie."

Akapiga, akaiweka mezani kwa spika, nami nisikie.

"Shikamoo, Profesa. Naomba jina langu litoke kwenye ratiba ya Jumatatu. Nimekosea vipimo, na najua nilikosea wapi."

Hakulia, hakuzungukazunguka. Akaeleza rangi, asubuhi, mchana, kichupa kitupu. Upande wa pili Profesa akakohoa.

"Jopo linalofuata ni baada ya miezi sita. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Nani amegundua kosa?"

"Mimi."

"Haya. Naandika barua sasa hivi. Na hicho kichupa kitupu kiingize kwenye tasnifu yako, usikifiche."

Mahafali yake mawili nimehudhuria, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Hayo yote hayafikii fahari niliyoisikia nimesimama jikoni kwangu, kifua mbele, na pasi bado ya moto.

"Una panya wangapi?" nilimuuliza.

"Kumi na wawili. Lakini huwagusi, mama."

"Nani anawataka panya wako? Mimi nashika rangi na saa. Kila moyo, rangi mpya."

"Na nani anatangulia?"

"Kura."

Nikaenda kwa mume wangu, nikachukua karatasi yake ya kukatia mitindo na chaki. Vipande kumi na viwili, sita vina alama ya dawa. Akaniangalia huku koti liko mapajani.

"Na hili?"

"Litundike. Miezi sita hawezi kunenepa, hapendi kula."

"Nimesikia!" binti yangu akasema.

Nikachomoa pasi, nikavuta droo, nikatoa foili ya kufunikia vyakula. Mwanga haupiti foili. Niliitia mfukoni pamoja na kura, nikavaa viatu, na binti yangu alikuwa ameshafungua mlango.