Matanga ya Watu wa Adui

Usiku wa jana niliota, na ndoto ilinikuta tayari nimeshika kiuno, nagombana na simu yangu.

"Sili," simu inasema. Imelala mezani, nami waya wa chaji ninao mkononi. "Nimesema sili umeme wako mpaka umjibu mtoto."

"Utazima," naiambia.

"Nizime. Utanililia?"

"Nani analilia simu?"

"Basi na mwanao usijidai unamlilia. Ombi lake nimelibeba tumboni tangu Jumapili, limeanza kuchacha."

Ile simu niliinunua juzi tu, haijui mambo, nikaona niieleze. Gwamaka wangu alikwenda India kusomea ufamasia. Akausoma, akamaliza. Halafu siku moja anasubiri treni kituoni, mtu akautazama urefu wake na yale mabega ya upande wa baba yake, akamwuliza kama anaweza kuanguka. Tangu siku hiyo kazi yake ni kuanguka. Hapa Tukuyu ukiingia kibanda umiza kutazama filamu za Kihindi utamwona: ndiye yule mtu wa adui, mrefu, anasimama nyuma ya bosi amekunja mikono, hasemi neno, kisha stelingi, shujaa wa filamu, anamtupa dirishani. Mtafsiri anapaza sauti, "Huyo kwisha habari yake, wasalimie waliotangulia!" na ukumbi mzima unacheka. Asubuhi jirani yangu Mama Atupele ananipitia: "Mama Gwamaka, jana mwanao kala teke hilo, nimelisikia mimi kiunoni." Stelingi hafi, mwanangu haponi.

"Hayo nayajua," simu inasema. "Ila sasa kapata nafasi yenye jina."

"Hilo nami nalijua."

Ni kweli kapata. Mtu mwenye jina, mwenye mke, mwenye maneno ya kusema. Mtu huyo anafiwa, na mwongozaji wa filamu amemwambia Gwamaka: usilie kama sisi, lia kama kwenu. Gwamaka akajaribu. Kikamtoka kilio cha huko huko, mkono kwenye paji la uso, kichwa upande. Mwongozaji kampa mpaka Jumatatu. Akishindwa, nafasi anachukua mwingine, yeye anarudi nyuma ya bosi kukunja mikono mpaka uzee. Ndipo akaniomba: Mama, nirekodie kilio cha nyumbani.

"Nami nimekataa," nikaiambia simu, "kwa sababu kulia pasipo maiti ni uchuro. Ukilia bure, kifo kinadhani kimeitwa. Leta maiti, nitalia."

Simu ikauliza, "Umesema maiti?"

"Nimesema."

"Haya," ikasema, ikapiga mluzi.

Mlango ukagongwa.

Nafungua. Amesimama Gwamaka, kavaa sare ya mlinzi wa bosi yenye matundu ya risasi kifuani, viatu kavishika mkononi asije akanichafulia sakafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Jambazi wa Tatu."

"Nimekuuliza jina."

"Ndilo hilo, mama. Walilolitumia ndilo hilo."

Nyuma yake kuna wengine, wamepanga mstari mpaka kwenye migomba, wote sura ya mwanangu. Mmoja ana suti nyeupe na vipande vya kioo nywelini. Mmoja kapakaa mapapai kichwa hadi kiuno, maana alitupwa kwenye mkokoteni wa matunda. Mmoja aliliwa na mamba, kaja na mguu mmoja, anajiegemeza kwa mwenzake. Wote wakaniamkia kwa zamu, nami nikaitikia kwa zamu.

"Mmekufa kweli?" nikauliza.

Mimi nina stashahada ya afya ya mifugo na ni afisa mifugo wa kata. Kifo sikipokei kwa maneno ya mdomo. Nikawapima mmoja mmoja: nikafunua kope, nikabonyeza fizi, nikashika masikio kuona kama yana joto. Walikuwa maiti wote, ingawa wenye adabu.

"Na nani aliwalilia?"

"Hakuna," akasema Jambazi wa Tatu. "Tukishaanguka, kamera inamfuata stelingi."

"Mimi hata chini sikufika," akasema yule wa mapapai. "Walikata nikiwa hewani."

Nikaangalia miguu yake. Kweli, ilikuwa haijagusa ardhi. Alikuwa anaelea juu ya mashina ya chai ya shambani kwangu, na mapapai yanamdondoka.

Msiba ni kazi, haungojwi. Nikawaambia watoe viti, watandike mikeka, wafunge turubai. Wakafunga bila ngazi, watu warefu wana faida yao. Yule anayeelea tukampa kona ya juu kabisa. Mimi nikabandika sufuria kubwa, nikazunguka nyuma ya jiko kuchukua kuni.

Nyuma ya jiko kuna mtaa wa Mumbai. Joto linanipiga usoni, teksi zinapiga honi, treni inapita na watu wananing'inia milangoni. Kuni zangu zimepangwa pembeni mwa reli kama nilivyozipanga mwenyewe juzi. Nikachukua za kutosha, nikarudi Tukuyu, mvua ikawa imeanza.

Uani kote kumebandikwa misalaba ya utepe mweupe, chini kabisa, kwenye udongo.

"Nani kachafua uwanja wangu?"

"Hizo ni alama," sufuria ikasema, mfuniko unapanda na kushuka. "Kila mtu anasimama kwenye yake. Ukitoka kwenye alama, huonekani."

"Upuuzi."

Nikatoka kwenye alama. Nikatazama mikono yangu, haipo. Nikatazama kanga yangu, haipo. Nikarudi upesi, kwa sababu ugali unangoja na mimi sina muda wa kutoonekana.

"Na jambo la pili," sufuria ikaendelea, "usitazame kamera."

"Iko wapi?"

"Pale mlangoni."

Mlangoni kasimama ng'ombe wangu Kibibi, anacheua, jicho lake kubwa lenye maji linatuelekea. Ng'ombe huyo nimemtazama machoni tangu alipozaliwa. Sasa nikitaka kumfukuza asile mkeka, inabidi nimfukuze huku nimeangalia ukutani.

Mara upepo ukavuma kutoka barabarani, upepo wa mahali pamoja tu, na ndani ya upepo huo akaja stelingi. Alikuja polepole sana, kwa sababu ndivyo anavyotembea. Kutoka kwenye geti mpaka kwenye turubai nilikuwa nimeshasonga ugali na kuugeuza.

"Shikamoo, mama," akasema, nywele zinapepea.

"Marahaba. Wewe ndiye unayewaua hawa?"

"Ndiye, mama. Ni kazi tu."

"Sijakulaumu. Umekuja na nini msibani?"

"Sukari."

"Iweke kule. Kisha upasue kuni, na huo upepo wako uuelekeze upande mwingine, unanitia majivu kwenye chakula."

"Ndiyo, mama." Akapasua kuni polepole sana. Maiti walimwangalia bila kinyongo. Yule wa suti nyeupe akamsogezea kigogo.

Sasa kila kitu kiko tayari. Simu imeketi juu ya stuli katikati ya uwanja, imejinyoosha.

"Maiti hao," ikasema. "Lia."

Nikakaa mkekani, nikanyoosha miguu, nikajifunga kanga kichwani. Nikavuta pumzi. Sauti haikutoka.

"Nini tena?" simu ikauliza.

"Kilio cha kwetu hakianzi na machozi, kinaanza na jina. Unamwita marehemu, unamwuliza amekuachia nani. Huyu nimwite nani? Ee Jambazi wa Tatu wangu?"

Maiti wakacheka chini kwa chini. Hata mimi nilitaka kucheka. Wa mamba akajifuta machozi ya kicheko kwa kiganja, akasema, "Mama usijisumbue. Sisi tulikuja tu kukaa. Tangu tufe hatujawahi kukaa mahali."

Nikawapakulia wakala. Maiti wanakula vizuri, wasikudanganye watu.

Nilipokuwa napita na sahani nikaona mkeka mmoja, ule wa karibu na ukuta, haujakaliwa. Umetandikwa vizuri, na juu yake kuna shuka limekunjwa.

"Huu wa nani?"

Wa kioo nywelini akatazama chini. Wa mapapai, kule juu, akageuza uso.

"Huo si wa filamu," Jambazi wa Tatu akasema.

Nyuma ya mkeka huo alisimama mwingine, mwenye sura ile ile, amevaa sweta la kijani nililomfumia mwenyewe siku za mwisho kabla hajasafiri. Amekanyaga alama yake kwa miguu miwili. Nikanyoosha mkono nimshike sikio, nipime joto. Kabla sijamfikia akapiga chafya.

Maiti hawapigi chafya.

"Gwamaka," nikasema.

"Naam, mama."

"Unaumwa mafua."

"Walinitupa mtoni mara sita. Stelingi alikuwa anakosea kunyanyua ngumi."

"Samahani," stelingi akasema kutoka kwenye kuni.

"Huu mkeka ni wa nani, mwanangu?"

"Wa baba."

Ndoto nzima ikatulia. Hata mvua ikawa inanyesha bila sauti. Baba Gwamaka alifariki wakati wa masika, mtoto akiwa bado chuoni, na karatasi zake za kusafiria zilikuwa zimekwama huko ofisini kwao, wanamwambia njoo kesho, njoo kesho. Siku ya kuzika nilimpigia, nikaiinua simu juu ili asikie. Mtandao ukakatika mchungaji akiwa bado anasoma. Tukalia, tukafukia, tukarudi nyumbani. Jioni nikampigia tena, nikamwambia yamekwisha, usome kwa bidii.

"Mama," Gwamaka akasema. Alikuwa anaongea huku ameangalia ukutani, asimtazame Kibibi. "Mimi sikukuomba ujililie, wala unililie mimi. Yule mtu wa kwenye filamu kafiwa na baba yake. Mwongozaji ananiambia lia kama kwenu, nami nafungua mdomo, natafuta ndani, hakuna kitu. Sikukisikia, mama. Nimekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, lakini kilio cha baba sikukisikia."

"Uchuro," nikasema, ila kwa sauti ndogo.

"Uchuro ni pasipo maiti. Si ndivyo ulivyosema? Maiti wetu yupo. Mlimzika wenyewe, pale chini kwenye migomba."

Nikatafuta kosa katika maneno hayo, nikakosa. Lilikuwa neno langu mwenyewe, limerudi limenyooka.

"Njoo nyumbani basi," nikamwambia. "Toka hapo uje ukae."

"Nikitoka kwenye alama hutaniona."

Kweli. Basi nikaketi mimi, kwenye mkeka ule wa ukutani, karibu na miguu yake. Maiti wote wakasimama, kila mmoja kwenye alama yake, wakainamisha vichwa. Stelingi akaweka shoka chini polepole. Nikafunga macho nisimtazame ng'ombe. Nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, nikaita:

"Anyosisye!"

"Kata!" akasema Kibibi.

Na ikakatwa. Turubai, mikeka, mvua, vyote vilikatwa kama uzi.

Nikaamka. Kumekucha, ukungu umejaa dirishani, Kibibi analia bandani anataka kukamuliwa. Simu iko mezani, waya umelala pembeni, na nimeshika jina la marehemu mume wangu mdomoni kama punje ya pilipili.

Nikajiambia, ni ule ugali wa jana na maziwa mgando. Nikashusha miguu, nikavaa ndala. Ya kulia ikavalika vizuri. Ya kushoto ikanata sakafuni.

Nikaigeuza. Chini ya soli kumenata msalaba wa utepe mweupe, una tope la uani na uzi mmoja wa kijani.

Nikaugeuza na kuugeuza. Plasta yangu ya kazini ni ya buluu. Nyumbani kwangu hakuna utepe wa namna hiyo, na wala dukani kwetu hawauzi.

Sikukaa kutafakari. Niliubandua, nikaubandika chini sebuleni, karibu na ukuta, pale penye msumari ambao koti lake limening'inia mpaka leo. Nikachomeka simu kwenye umeme. Ikala. Nikaisimamisha kwenye kikombe, nikabonyeza ya kurekodi, nikasimama kwenye alama, nikatazama ukutani.

"Anyosisye! Anyosisye wee! Umeondoka asubuhi hujanywa hata chai yako. Ng'ombe wako anatazama njia, nimwambie nini? Koti lako liko msumarini, nani mwenye mabega hayo alivae? Mwenye mabega hayo yuko mbali, Anyosisye, alikwama kwa watu, hakukuona, hakukutupia udongo! Nani atamshika mkono huko? Nani atamwambia baba yako alikuulizia? Alikuulizia mpaka sauti ikaisha! Anyosisye wee!"

Sijui nililia muda gani. Nilipomaliza nikatuma pale pale, hata kamasi sijafuta.

Mlango ukasukumwa. Mama Atupele kaingia mbio, kanga kajifunga kiunoni, kiatu kimoja, na nyuma yake nasikia wengine wanashuka njiani wanaulizana.

"Nani? Mama Gwamaka, nani kafa?"

"Baba Gwamaka."

Akashika mlango. "Jamani, si tulishamzika?"

"Kuna mtu hakuwepo."

Mama Atupele akanitazama mimi, akaitazama simu juu ya kikombe, akautazama na ule msalaba chini ya miguu yangu. Halafu akavua kile kiatu chake kimoja, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu.

"Usitazame simu," nikamwambia, nikabonyeza tena ya kurekodi.