Mahusiano Manane na Kitambaa Kimoja

Fundi alikuwa na miaka hamsini na mitatu siku alipogundua kwamba ana akili. Mpaka siku hiyo alijijua ana mikono tu. Mikono hiyo ilikuwa imeshona sare, mapazia, mashati na suruali kwa miaka thelathini, na hakuna suruali hata moja iliyowahi kumwuliza sababu. Kisha watoto wakaondoka nyumbani, jioni zikawa ndefu, naye akajiandikisha katika masomo ya watu wazima. Alianza na hesabu, akazivuka kwa jasho na sala. Mwaka wa tatu akaingia darasa la mantiki, na humo ndimo kichwa kilimoanza kuvimba.

Mwalimu alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa bintiye wa mwisho. Alichora ubaoni madoa mawili yasiyo na umbo la maana, akapangusa chaki mikononi.

"Leo hatupimi kitu," alisema. "Hatuulizi eneo hili ni kubwa kiasi gani, wala liko umbali gani. Tunauliza swali moja tu: hili na lile yanahusianaje?"

Majibu ni manane, alisema, na hakuna la tisa. Maeneo mawili yanaweza kuwa yameachana kabisa. Yanaweza kugusana ukingoni tu, kama vyumba viwili vyenye ukuta mmoja. Yanaweza kupandana sehemu. Yanaweza kuwa eneo lile lile. Au la kwanza limo ndani ya la pili na linagusa ukingo wake, au limo ndani kabisa bila kugusa popote. Na haya mawili ukiyageuza, la pili likawa ndani ya la kwanza, unapata mengine mawili. Halafu kulikuwa na jedwali la kuunganisha. Ikiwa kitufe kimo ndani ya mfuko, na mfuko umeachana na kola, basi jedwali linakuambia, bila wewe kuinuka kitini, kwamba kitufe kimeachana na kola.

Mfano huo wa kitufe aliutoa Fundi mwenyewe, na mwalimu alisema, "Vizuri sana, mzee wangu." Fundi alitoka darasani akitembea kama mtu aliyeonyeshwa jinsi Mungu alivyotenga nchi kavu na bahari.

Nyumbani hapakukalika.

"Mama," alimwambia mkewe wakiwa mezani, "umeona? Sahani yako na yangu zinagusana."

"Na wewe na akili mmeachana kabisa. Kula."

Hata kwenye sala aliipeleka elimu yake. "Ee Mungu," aliomba, "moyo wangu uwe ndani ya mapenzi yako. Ndani kabisa, bila kugusa ukingo."

Mkewe, aliyepiga magoti kando yake, alifungua jicho moja. "Baba watoto, kwani na Mungu anasoma jioni?"

Fundi hakukasirika. Aliomba maneno yale kwa dhati, maana alijijua vizuri: maisha yake yote alikuwa ndani ya mapenzi ya Mungu huku kiwiko kikichungulia nje.

Kazini mambo yalikuwa yale yale. Kiwanda chao kilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani viwili, pasi moja, na meza ndefu ya kukatia iliyochubuka kwa mikasi. Cherehani cha pili kilikuwa cha mwanamke aliyeitwa Mama Vifungo, kwa sababu hakuna aliyemshinda kwa matundu ya vifungo, na kwa sababu mdomo wake haukuwa na hata kimoja. Yeye ndiye aliyempa Fundi jina la Profesa.

"Profesa, mteja anataka kujua suruali yake iko wapi."

"Imo ndani ya mfuko, inagusa ukingo."

"Nitamwambia hivyo hivyo. Akikupiga, usiniite."

Sasa, kitambaa. Miaka minne nyuma, siku binti yao mkubwa alipopokelewa chuo cha unesi, mama mkwe wa Fundi alinunua kitambaa cha rangi ya zambarau iliyoiva, kizito, laini, akasema atakivaa siku mjukuu wake atakapomaliza. Alikikunja, akakiweka chini ya mto wa kitanda chake. Mwaka wa tatu mama mkwe akafariki. Kitambaa kilipofunguliwa bado kilikuwa na mikunjo aliyoikunja kwa mikono yake.

Mahafali yakakaribia. Mke wa Fundi akakileta kiwandani mwenyewe, akakilaza mezani kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia.

"Nitamvalia mimi," alisema. "Gauni refu, mikono mirefu, kola ndogo, kama alivyotaka yeye. Hakiuzwi tena popote, nimeshatafuta. Usinikosee, baba."

"Mke wangu, miaka thelathini!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Usinikosee."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Na wiki hiyo hiyo mwalimu alikuwa ametoa zoezi la mwisho: kila mwanafunzi achukue jambo la kazi yake, aliandike kwa lugha ya maeneo, athibitishe kwamba halina mgongano. Fundi aliona mkono wa Mungu waziwazi. Gauni na zoezi, vyote kwa mara moja! Laiti angetazama vizuri, angeona mkono ule ulikuwa umeinuliwa kumzuia.

Aliandika kurasa nne. Kitambaa ni eneo. Gauni ni vipande vitano: mbele, nyuma, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kola. Kila kipande kimo ndani ya kitambaa, kikigusa ukingo au kisiguse. Vipande viwili vyovyote vimeachana au vinagusana, lakini havipandani kamwe, maana uzi mmoja hauwezi kuwa wa mgongoni na wa kifuani. Akachukua maeneo yote sita, kitambaa na vipande vyake, matatu matatu, mara ishirini, akayapitisha kwenye jedwali. Hakuna mgongano. Akapitia tena. Hakuna! Akaandika chini kwa mwandiko wake bora: *Basi inawezekana.*

Inafaa kueleza hapa kitu ambacho kila fundi nguo hufanya, hata yule wa wiki ya kwanza. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, unatandaza juu yake karatasi zote za kukatia, kila moja na umbo la kipande chake, zote kwa pamoja, unazizungusha, unazisogeza, unageuza ile ya mkono ikae penye kiuno cha ile ya nyuma, mpaka kila moja ipate mahali. Ndipo unachora. Kazi hiyo humchosha mtu mgongo, nayo huchukua saa nzima.

Alhamisi asubuhi Fundi aliweka karatasi ya mbele peke yake, katikati kabisa ya kitambaa, palipopendeza, akachukua chaki.

Mama Vifungo alisimamisha cherehani. "Nyingine ziko wapi?"

"Zipi?"

"Nyuma, mikono. Hutandazi?"

"Hakuna haja. Nimeshathibitisha kwamba zinaingia."

"Umethibitisha wapi?"

"Kwenye daftari."

Mama Vifungo alitazama kitambaa, akatazama daftari, akamtazama Profesa. "Mimi simo," alisema, akarudi kwenye matundu yake.

Fundi alisali kwa ufupi, akakata. Mbele ikatoka safi kama jani. Nyuma ikatoka. Mkono wa kulia ulihitaji kusukumwa kidogo, lakini ukatoka. Kola ikatoka pembeni. Kisha akachukua karatasi ya mkono wa kushoto, akaiweka huku, haikutosha. Akaiweka kule, haikutosha. Akaigeuza, akaisimamisha, akailaza kimshazari. Juu ya meza palikuwa na utepe mrefu wa zambarau, pembetatu mbili, na vipande vingine vinne vyenye umbo la kitu kilichotafunwa. Ukivijumlisha, kitambaa kilikuwa kingi. Mkono haukuwamo.

Akapiga magoti palepale kati ya mabaki, na aibu aliyokuja kuiona baadaye ni hii: hakuomba msamaha. Aliomba kitambaa kiongezeke. Aliomba kwa imani hasa, akafungua macho, akapima tena.

"Kimeongezeka?" aliuliza Mama Vifungo, aliyekuwa amesikia yote.

"Bado."

Mama Vifungo aliinuka, akapapasa mabaki, akaguna. Hakucheka, na hilo lilimtisha Fundi kuliko kicheko. "Duka la kona lina zambarau. Si hii, lakini inakaribia. Mkono mmoja tu, Profesa. Nani atautazama?"

Fundi alienda. Alifika mlangoni, akaingiza mguu mmoja, mwingine ukabaki barabarani, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeharibika kabisa, aliwaza: mimi na duka tumepandana sehemu. Muuzaji alimwuliza kama anaingia au anatoka. Fundi alijaribu kusali kidogo, apate mwongozo, lakini hakupata namna ya kuianza sala ile. Ee Mungu, nisaidie kumdanganya mke wangu kuhusu nguo ya mama yake? Akatoa mguu.

Jioni alipeleka zoezi darasani, kwa sababu lilikuwa limeandikwa na kwa sababu aliogopa kwenda nyumbani. Mwalimu alilisoma palepale, kalamu nyekundu mkononi. Alipofika ukurasa wa nne alitabasamu, akaandika: *Sahihi kabisa.*

"Haliwezi kuwa sahihi," alisema Fundi. Akafungua mfuko, akamwaga mabaki juu ya dawati. Akaeleza.

Mwalimu alifunika mdomo kwa mkono. "Mzee wangu! Ulikata?"

"Si nilithibitisha?"

"Ulithibitisha kwamba mpangilio kama huo unawezekana. Kwamba kunaweza kuwa na kitambaa fulani, mahali fulani, ambamo vipande vitano vinaingia bila kupandana. Sikusema ni chako. Siku ya kwanza nilisema nini?"

"Hatupimi," alinong'ona Fundi.

"Na umbo la mkono, uliliandika wapi? Mantiki hii haijui umbo. Kwake eneo linaweza hata kuwa limetawanyika, vipande vipande, na bado likahesabika eneo moja." Alivigusa vile vipande saba kwa ncha ya kalamu. "Kwa hiyo kwa mantiki, mkono wako wa kushoto ni huu hapa. Umo ndani ya kitambaa, haupandani na kitu. Zoezi liko sahihi."

Fundi alikuwa ameota miaka mitatu kupata alama zote. Alizipata akiwa anakusanya mabaki dawatini, huku wenzake wakimpigia makofi bila kujua sababu.

Alimkuta mkewe anapanga vyombo. Hakukaa. Alijua akikaa atatafuta maneno mazuri, na alikuwa ameyachoka maneno yake mazuri.

"Mama, nimekukosea."

Akaeleza yote: karatasi ambazo hakuzitandaza, daftari, maombi ya kitambaa kuongezeka, mlango wa duka. Hakuacha kitu. Mkewe alisikiliza akiwa ameshika bakuli. Kisha akaliweka, akaomba mfuko, akavitoa vipande kimoja kimoja, akavipanga mezani. Alilia kidogo bila sauti, akijifuta kwa kiganja, na Fundi akasimama pale kama kinyago.

"Kulikuwa na haraka gani?" aliuliza hatimaye. "Saa moja tu ya kutandaza karatasi. Mama yangu hakustahili saa moja?"

Swali hilo halikuwamo katika jedwali lolote. "Alistahili," alisema Fundi. "Nilitaka kuonekana nina akili."

"Na nani?"

"Na wewe pia."

Mkewe alipenga kamasi. Kwa muda mrefu alikuwa anasogeza vipande mezani, akiviunganisha kingo kwa kingo, akivitenganisha.

"Kwa hiyo mkono upo," alisema.

"Upo. Umetawanyika."

"Unaunganika?"

"Unaunganika. Lakini mishono itaonekana, mke wangu. Sita, pengine saba. Naweza kukata mikono yote miwili iwe mifupi, ifanane, mtu asijue..."

"Halafu hivi vingine uvitupe?" Alivifunika kwa mikono yake miwili. "Alikilalia miaka mitatu. Sitaki hata uzi wake mmoja uende jalalani. Shona."

"Watu watanicheka. Fundi mzima, mkono wa viraka."

"Hiyo ndiyo adhabu yako. Nilikuwa naitafuta, umenisaidia. Shona."

Alishona siku nne. Kila mshono aliushona mara mbili, akaubonda kwa pasi, akaugeuza kuutazama upande ambao hakuna atakayeuona. Mama Vifungo alitoboa matundu ya kola bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada ya hapo. Na Fundi, akiwa peke yake na sindano, aliacha kumweleza Mungu habari za kingo. Alisema tu, "Nisamehe," na mshono uliofuata akasema tena.

Siku ya mahafali binti yao alishuka jukwaani katika sare nyeupe, cheti mkononi, akaja moja kwa moja kwa mama yake. Hakusalimia. Alishika mkono wa kushoto wa gauni, akapitisha kidole juu ya mishono, mmoja baada ya mwingine, mpaka begani.

"Ni kile cha bibi?"

"Ndicho," alisema mama yake. "Chote."

Binti akaegemeza shavu pale begani, wakakaa hivyo, na Fundi akatazama viatu vyake.

"Lakini mama," binti alisema baadaye, akijifuta macho, "huu mkono mmoja umekuwaje?"

"Muulize baba yako. Alipata alama zote."

Mashangazi wawili wa safu ya mbele wakageuka. Fundi alikohoa, akarekebisha tai, akaanza kueleza tangu kwenye madoa mawili ubaoni, bila kujipunguzia chochote, na alipofika mahali alipopiga magoti akiomba kitambaa kiongezeke, mkewe alikuwa anacheka kwa sauti, ameshika mbavu kwa mkono ule wa vipande saba.