Nyota za Pembeni

Jino lilidondoka kwanza, likafuatiwa na damu, kisha tusi. Mdogo mtu alikuwa amepiga magoti karakanani, mbele ya mashine ya kukereza vyuma ya kaka yake, kiganja mdomoni, na ufunguo wa kubania, pande zito la chuma, ulikuwa bado unabiringika sakafuni baada ya kurushwa na mashine na kumpitia usoni.

Kila mkerezaji hufundishwa siku ya kwanza: chomoa ufunguo kabla hujawasha. Kaka mtu mwenyewe alikuwa amewafundisha wengi somo hilo, tena kwa makofi. Leo aliusahau kwa kuwa alikuwa amebania galaksi.

Ilikuwa ya kujiundia, sahani ya bati yenye mikono miwili iliyojikunja, imepangwa golori juu ya sumaku. Mtaani walimwita Mnajimu, na wapo waliomletea viganja wasomewe bahati. Yeye swali lake lilikuwa moja: nyota za pembeni mwa galaksi hukimbia kupita kiasi, zilipaswa kuwa zimetupwa nje zamani, nani kazishika? Wataalamu husema kuna kitu kisichoonekana. Mnajimu aliona hilo ni jibu la mtoto aliyelamba sukari akamsingizia jini. Kwake, uvutano haufifii upesi kama wanavyodhani ukifika mbali. Hujikunja pamoja na mikono ile na kuwakumbatia walio pembezoni.

Alizima mashine. Mdogo wake akainuka, macho mekundu, akaiendea sahani.

"Usiiguse!" Mnajimu alifoka.

Hapo ndipo alipoharibu. Pole ingetangulia.

"Umening'oa jino, unalilia bati?" Mdogo wake aliichomoa, akaibamiza ukingoni mwa meza hadi ikakunjika kama chapati. Golori zikatapakaa kila upande.

Mnajimu hakukumbuka kuokota bomba la chuma. Alilisikia tu likilia begani mwa mdogo wake, kisha akasikia kichwa cha mdogo wake kikiipasua pua yake. Wakakamatana. Wakateleza juu ya golori, wakaangukia nyuzi kali za chuma zilizokerezwa asubuhi, zikawachana viwiko na migongo. Ngumi ilimpata sikioni, akang'ata mkono uliokuwa karibu, akapanda juu, akamkalia mdogo wake kifuani na kuliinua bomba.

Kwa miaka mingi alikuwa amejihesabu mtu wa mbali, asiye na ugomvi na walimwengu, kwa sababu kichwa chake kilikaa huko juu. Sasa aliutazama utosi ule na akataka kuupasua. Alitaka kweli, kwa mwili mzima. Mkono wake haukuwa na habari na nyota yoyote.

"Piga basi," mdogo wake alihema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Piga, kisha ukamwambie mama kimondo ndicho kilichoniua."

Mnajimu alilirusha bomba ukutani, likagonga, likatulia. Damu ya pua yake ilimdondokea mdogo wake shingoni, tone baada ya tone, na hakuna aliyejifuta.

"Haya, we Mnajimu," mdogo wake alisema baadaye, kwa sauti ya pengo jipya. "Hizo za pembeni. Kwa nini hazitoki?"

Jibu alikuwa nalo. Wateja walikuwa wamelisikia hadi wakahama karakana.

"Sijui," alisema.

Alijaribu kuinuka, akashindwa. Mdogo wake alikuwa ameukamata ukosi wa shati lake kwa ngumi zote mbili, wala hakuonyesha dalili ya kuuachia.