Ncha ya Pili ya Shuka

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Anayebisha na ajaribu. Ataishia kuliburuta sakafuni, na kazi ya asubuhi nzima irudi kwenye beseni. Mimi ni dobi mwaka wa thelathini na moja huu, na kwa miaka saba ya mwisho nimekuwa nikikunja mashuka na msumari.

Msumari wenyewe uko ukutani, usawa wa bega langu. Nimeuzungushia kitambaa usitoboe nguo. Pembe mbili za shuka nazitundika pale, mbili nashika mimi, narudi kinyumenyume mpaka mlangoni, navuta. Kukamua ni vivyo hivyo: ncha moja naifunga kwenye chuma cha uani, nyingine naishika mikononi, nasokota mpaka maji yaishe. Msumari una faida zake. Haununi, hauchelewi, wala haukwambii umezeeka.

Kabla ya msumari alikuwepo mdogo wangu wa kike. Nyumbani tulimwita Kijiko, kwa sababu alizaliwa kadogo, hana nguvu ya kunyonya, akalelewa kwa kijiko. Mama yetu naye alikuwa dobi, na alitufundisha wote wawili. Unashika pembe, mwenzio anashika pembe, mnavuta, kisha mmoja anatembea kumwendea mwingine na kumkabidhi pembe zake. Kijiko ndiye aliyekuwa akitembea. Mimi nilisimama nikamsubiri, maana mkubwa hafuati mdogo. Hiyo ilikuwa sheria yangu, si ya mama.

Halafu Kijiko akaleta habari ya mashine ya kufulia. Akasema tukiendelea hivi mikono yetu itakwisha. Nikamjibu mbele za wateja kwamba mashine ni ya wavivu, na kama amechoka, mlango anaujua. Akavua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikamfuata kwa maneno mpaka barabarani: "Nenda! Sitakuhitaji hata kukunja leso!" Ulimi hauna mfupa. Alifungua duka lake mtaa wa tatu kutoka kwangu, na tangu siku hiyo nikawa nakwenda sokoni kwa njia ya kuzunguka ili nisipite mlangoni kwake.

Ganzi ilianza na kidole gumba cha mkono wa kulia. Kikafuata cha shahada, kikafuata cha kati. Nilikuwa nikiamka mkono umekufa, naukung'uta kama kitambaa chenye vumbi mpaka urudi. Baadaye ukaacha kurudi wote. Vifungo vya mashati nikawa navifunga kwa kuvitazama, kama mtoto anayejifunza kuvaa. Kidole cha mwisho ndicho pekee kilichobaki na akili zake, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini. Aligonga kifundo cha mkono wangu kwa ncha ya kidole, umeme ukanikimbia mpaka kwenye kucha. Akanionyesha nyama iliyo chini ya kidole gumba, jinsi ilivyobonyea.

"Mama, mshipa wa fahamu unapita hapa, kwenye njia nyembamba," akasema. "Njia imebana. Sindano tumeshakuchoma mara mbili, banzi la kushikilia kifundo usiku umevaa. Kilichobaki ni kupasua, tuupe nafasi."

"Na nisipopasua?"

"Ganzi itabaki moja kwa moja. Hata sasa siwezi kukuahidi kwamba kila kitu kitarudi. Ila kila mwezi unaosubiri, tunazidi kupoteza."

"Na kukamua?"

"Wiki mbili za mwanzo mkono hauguswi na maji. Kusokota nguo, usahau kwa miezi mitatu."

Nikacheka. Ni kama kumwambia samaki apumzike kuogelea. Lakini hilo nilikuwa nimelitarajia. Swali lililofuata ndilo lililonikuta sijajiandaa.

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Na mdogo wangu," nikasema. Uongo ulitoka umeshapigwa pasi kabisa.

"Vizuri sana. Basi Jumatatu uje naye. Hatumruhusu mgonjwa kuondoka peke yake. Na siku za mwanzo utahitaji mtu wa kukuvisha, kukupikia, kukufungulia hata chupa."

Muuguzi aliandika jina la Kijiko kwenye fomu, mahali pa ndugu wa karibu, akaniomba namba yake ya simu. Sikuwa nayo. Nikasema simu yake imeharibika, nikaaga haraka.

Njiani nilijaribu kumtafuta mtu mwingine kichwani mwangu. Mtaa mzima naujua kwa nguo zake. Najua nani amenenepa na nani amekonda kwa mawazo. Najua nani siku hizi analala peke yake, kwa kuwa alikuwa akileta foronya mbili na sasa analeta moja. Wao hakuna anayejua mimi natumia foronya ngapi. Natumia moja.

Nikaenda kwa fundi viatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu mwema mwenye mdomo usio na breki.

"Hospitali?" akaruka. "Mama Pasi, mimi nikiona pamba tu naanguka. Utakwenda mgonjwa mmoja, mtarudi wawili."

"Ni kukaa kwenye benchi tu."

"Halafu hicho kisu! Binamu yangu walimpasua goti, mpaka leo anachechemea."

"Kwani mimi natembelea mikono?"

Akacheka, akarudi kwenye soli yake. Sikumlaumu. Ijumaa jioni nikaamua kwamba siendi. Mkono ni wangu na ganzi ni yangu, nikasema peke yangu chumbani, na kwa sauti, kama vile kuna mtu aliyenibishia. Ukweli ni kwamba kisu hakikunitisha. Kilichonitisha ni lile benchi. Nilijiona nimekaa pale mkono umefungwa bandeji, muuguzi anachungulia mlangoni kila mara na kuniuliza, "Mdogo wako bado hajafika?" Na mimi najibu, "Yuko njiani." Nilijua ningejibu hivyo mpaka wafunge.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Nilipofika la tano nikasikia harufu ya kuungua. Nikainua pasi, nikalikagua shuka: jeupe, safi. Nikainama na pasi yangu mkononi, nikatazama waya. Nikatazama blanketi la meza. Nikatazama mpaka pazia. Harufu ikazidi. Ndipo nikatazama mkono. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimeteleza kutoka kwenye mpini, kimelala juu ya chuma cha moto, na ngozi yake imeanza kukunjamana.

Nilichomoa waya, nikakitia kidole kwenye maji, nikakaa chini nikalia. Sikulia kwa maumivu, maana hayakuwepo. Nililia kwa sababu nilitafuta kila kitu kinachoweza kuungua ndani ya chumba kile, na mimi mwenyewe nikawa wa mwisho kukumbukwa.

Nikafunga kidole kwa kitambaa. Nikapakia mashuka kwenye kapu, nikapiga moyo konde, nikashika njia iliyonyooka. Mtaa wa tatu si mbali. Nilikuwa nimesahau jinsi ulivyo karibu.

Mlango wa duka la Kijiko ulikuwa wazi, mashine mbili zinanguruma. Alikuwa amenipa mgongo, anakunja shuka. Yuko peke yake. Pembe mbili zilikuwa mikononi mwake, na pembe mbili zilikuwa ukutani, kwenye msumari uliozungushiwa kitambaa.

Nilisimama pale na kapu langu. Miaka saba nilidhani ule msumari nimeubuni mimi. Mashine yake inafua na inakamua, lakini kumbe kukunja haijui.

Aligeuka. Amepata mvi mbele, palepale zilipoanzia za mama.

"Dada," akasema. Hakutabasamu.

"Nimekuletea kazi. Ya nyumba ya wageni. Uichukue kwa miezi mitatu."

"Na wewe unakwenda wapi?"

Nikamwonyesha mkono wa kulia. "Siendi popote. Huu umekufa. Ulisema utakwisha, haya umekwisha, cheka."

Hakucheka. Alikitazama kidole kilichofungwa, akaitazama nyama iliyobonyea chini ya kidole gumba. Ni binti wa dobi, hakuhitaji kuelezwa.

"Wanataka kunipasua Jumatatu," nikasema. "Wanataka niende na mtu. Nimeshaandikisha jina lako."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza."

"Hujabadilika hata kidogo."

"Sijabadilika."

Mashine moja ikamaliza mzunguko wake, ikanyamaza. Kijiko akanitazama. "Si ulisema hutanihitaji hata kukunja leso?"

"Leso nakunja mwenyewe," nikamjibu. "Haya ni mashuka."

Mdomo wake ulicheza kidogo, akauzuia. Aliziondoa zile pembe mbili msumarini, akaninyooshea. "Shika."

Mkono wa kulia nilishika kwa kiganja na kidole changu kimoja kizima. Tukarudi nyuma, tukavuta. Shuka likanyooka katikati yetu. Sasa ilikuwa zamu ya mmoja kutembea, na kwa mazoea nikasimama nikimsubiri. Kijiko hakusogea. Aliziweka pembe zake kifuani, akatulia palepale, macho yake kwangu. Hakuwa na haraka yoyote.

Nikatembea mimi.

Zilikuwa hatua nne. Nikafika, nikamkabidhi pembe zangu, naye akanyoosha mkono kuzipokea. Vidole vyake vikalala juu ya vile vyangu vilivyokufa ganzi. Havikuondoka. Vilikaa hapo kupita muda unaohitajika kupokea shuka, na nililijua hilo kwa kutazama tu. Kwa miaka saba hakuna ndugu aliyenigusa, na sasa ananigusa, na mimi naona kwa macho kama mtu anayechungulia dirishani kwa watu.

"Kijiko," nikamwuliza, "umenishika?"

"Nimekushika. Kwani vipi?"

"Sihisi kitu."

Akakaza. Niliona ncha za vidole vyake zikigeuka rangi kwa nguvu, niliona shuka likijikunja chini ya mikono yetu. Akakaza tena, mpaka machozi yakamlenga yeye.

"Jumatatu saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja asubuhi," nikasema. "Nitakupitia."